Damu Hujibu Inaloulizwa: Historia ya Vipimo vya Damu na Maana ya Majibu Yake

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo mazungumzo yetu ni kuhusu vipimo vya damu.

Akina mama wengi hufika kliniki wakiwa na karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne ndani ya kitabu cha mtoto. Huifungua, wakanikabidhi na kuniuliza: "Sista, hii inasema nini? Mtoto ni mzima au ni mgonjwa?"

Swali hilo ni zuri, lakini karatasi ile haiwezi kulijibu. Hakuna kipimo cha damu kinachouliza kama mtu ni mzima au ni mgonjwa. Kila kipimo kilibuniwa na mtu fulani, mwaka fulani, ili kijibu swali moja tu. Damu hujibu inaloulizwa. Isipoulizwa, hunyamaza. Mama akilijua swali, ataelewa jibu lina maana gani, na pia halina maana gani. Asipolijua, anaweza kununua dawa za ugonjwa ambao mtoto hana, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea kumla mtoto.

Kwa hiyo leo nitawasimulia vipimo hivi vilitoka wapi. Tutavigawa katika makundi manne: vipimo vinavyomtafuta mdudu mwenyewe, vipimo vinavyopima kiasi, vipimo vinavyotazama urithi, na vipimo vinavyotafuta nyayo za ugonjwa uliopita au uliopo.

Kumtafuta mdudu mwenyewe

Tuanze na malaria, kwa sababu ndiyo kila mtu huitaja kwanza joto la mwili linapopanda. Jina lenyewe limetoka katika lugha ya Kiitaliano na maana yake ni "hewa mbaya". Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba homa hii huletwa na hewa inayotoka kwenye vinamasi.

Tarehe 6 Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akifanya kazi katika mji wa Constantine nchini Algeria. Alitazama damu ya mgonjwa kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, akaona vijidudu vikichezacheza ndani yake. Hiyo ndiyo siku kijidudu cha malaria kilipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1897 Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi India, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Mwaka 1904, mkemia Mjerumani Gustav Giemsa alitangaza rangi ya kupaka kwenye damu ili vijidudu vionekane vizuri. Rangi hiyo bado inatumika katika maabara zetu. Ukiona karatasi yenye herufi BS, ujue tone la damu lilipakwa kwenye kioo, likatiwa rangi, na mtaalamu wa maabara akakaa kulitazama.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kipimo hiki hakikuwafikia watu wengi vijijini. Wauguzi walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa atibiwe malaria papo hapo, kwa kuwa kuchelewa kungeweza kumuua. Dawa ilikuwa klorokwini, na bei yake ilikuwa ya chini. Lakini vijidudu viliizoea. Mwaka 1998 Kenya iliacha klorokwini ikaingia dawa ya SP, ile wengi waliyoiita Fansidar. Nayo ikaanza kushindwa. Mwaka 2004 serikali ilichagua dawa mseto ya AL, ambayo ilisambazwa katika vituo vya afya kuanzia mwaka 2006.

Kisha mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na Kenya ikaufuata mwongozo huo. Sababu ni kwamba malaria ilikuwa inapungua, na watoto wengi wenye homa hawakuwa na malaria hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulipata vijidudu vya malaria kwa watoto 11 katika kila 100 waliopimwa nchini. Mwaka 2015 walikuwa 8, na mwaka 2020 walikuwa 6. Lakini hesabu hiyo ya 2020 haikuwa sawa kila mahali. Katika kanda ya Ziwa Victoria walikuwa 19 katika kila 100, lakini katika maeneo ya hatari ndogo hawakufika hata mtoto mmoja katika kila 100. Tala si Busia, wala si Kwale. Mtoto wa hapa kwetu mwenye homa ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na ugonjwa mwingine. Lakini akiwa ametoka kutembelea jamaa kule ziwani au pwani, mwambie muuguzi mara moja, hata asipokuuliza.

Siku hizi kipo pia kipimo cha haraka, kile kijiti cha plastiki. Chenyewe hakimwoni mdudu. Kinanasa protini ambayo mdudu huiacha ndani ya damu. Mstari mmoja kwenye herufi C maana yake ni kwamba kipimo kimefanya kazi na malaria haikuonekana. Mistari miwili maana yake ni malaria. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika na lazima kirudiwe kwa kijiti kingine. Na jambo hili wengi hawalijui: aina nyingi za vijiti huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, kwa sababu ile protini huchelewa kuisha. Kwa hiyo, mtoto aliyemaliza dawa wiki mbili zilizopita akipata homa tena, mwambie muuguzi, ili damu itazamwe kwa hadubini.

Je, majibu yakisema hakuna malaria? Hiyo ni habari, wala si kazi bure. Damu imeulizwa kuhusu malaria, nayo imesema hapana. Haijaulizwa kuhusu kichomi, wala sikio, wala koo, wala mkojo. Usikasirike ukaenda duka la dawa siku ya soko ukanunua dawa za malaria "kwa usalama". Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka 5 akipumua mara 40 au zaidi, huenda ana kichomi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, apelekwe hospitali papo hapo, hata kama kipimo cha malaria kimesema hana.

Kupima kiasi

Kundi la pili halitafuti mdudu. Linauliza: "Ni kiasi gani?" Kipimo kinachojulikana zaidi hapa ni cha wingi wa damu, ambacho kwenye karatasi huandikwa HB. Herufi hizo ni za hemoglobini, ile sehemu nyekundu ya damu inayobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima.

Zamani daktari alitazama tu kope, ulimi na viganja vya mkono. Mwaka 1900 daktari wa Ufini aitwaye Tallqvist alitengeneza njia rahisi: tone la damu kwenye karatasi nyeupe, kisha rangi yake inalinganishwa na rangi zilizochapishwa. Njia hiyo ilienea katika vituo visivyo na vifaa, ingawa ilitegemea macho ya anayetazama. Leo mashine ndogo ya kushikwa mkononi inasoma tone hilo na kutoa nambari kwa muda mfupi.

Nambari hiyo husomwa kulingana na mwenye damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Kwa mama mjamzito, chini ya 11 ni upungufu, ila miezi mitatu ya katikati kiwango ni 10.5. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha 10.5 tangu mwaka 2024, na kwa mtoto wa miaka 2 hadi kabla ya miaka 5 ni 11. Mama mjamzito au mtoto mdogo aliye chini ya 7 ana upungufu mkali, naye anahitaji hospitali wala si mboga peke yake.

Lakini kumbuka, kipimo kimeulizwa kiasi tu. Hakikuulizwa damu imepungua kwa nini. Inaweza kuwa ni ukosefu wa madini ya chuma, minyoo, malaria, kutokwa na damu nyingi ya mwezi, mimba zilizofuatana upesi, au selimundu. Ndiyo maana mama wawili wenye HB 9 wanaweza kupewa matibabu tofauti. Mjamzito anapewa tembe za madini ya chuma na foliki. Azimeze kila siku hata kama zinageuza rangi ya choo kuwa nyeusi. Nyumbani, mbaazi, kunde, maharagwe na mboga za majani husaidia, hasa zikiliwa pamoja na chungwa au embe. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo yasiingie mwilini vizuri, kwa hiyo isubiri kidogo. Wala rangi nyekundu ya kinywaji haiongezi damu. Soda nyekundu ni sukari na rangi tu.

Kipimo cha sukari nacho ni cha kiasi. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatikana na kisukari aliishi muda mfupi tu. Mwaka huo ndipo dawa ya insulini ilipotumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza, mjini Toronto nchini Kanada. Leo wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa mikoba yao mwaka 2023 wanacho kifaa cha kupima sukari hapo hapo nyumbani. Mtu mzima asiyekula usiku kucha, sukari yake ikiwa 7.0 au zaidi asubuhi, anashukiwa kuwa na kisukari na atapimwa tena kwa uhakika. Kwa mjamzito viwango ni vya chini zaidi, kwa hiyo asijilinganishe na jirani. Muhimu ni kumwambia mpimaji ukweli kama ulikunywa chai. Nambari ile ile ina maana tofauti kwa aliyekula na kwa asiyekula.

Kutazama urithi

Kundi la tatu linauliza: "Ulizaliwa na damu ya aina gani?" Jibu lake halibadiliki maishani.

Hadi mwanzo wa karne ya 20, kumwongezea mtu damu ilikuwa bahati nasibu. Wengine walipona, wengine walikufa mara moja. Mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alionyesha kwamba damu za watu zina makundi, na kwamba makundi mengine yakichanganywa hugandana. Ndiyo hayo A, B, AB na O tunayoyajua. Mwaka 1940, yeye na Alexander Wiener wakatangaza kitu kingine, kile kinachoandikwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa: Rhesus.

Mama mwenye Rhesus ya kutoa si mgonjwa. Lakini akibeba mtoto mwenye Rhesus ya kujumlisha, mwili wa mama unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto. Mara nyingi mtoto wa kwanza hupona, na wa pili au wa tatu ndiye anayeumia. Zamani familia kama hizo ziliambiwa zimelaaniwa, au mama akalaumiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 ipo sindano ya kuzuia hali hiyo, iitwayo anti-D. Hutolewa katika mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rhesus ya kujumlisha, na pia mimba ikiharibika. Kwa hiyo ukiona alama ya kutoa kwenye kitabu chako cha kliniki, usinyamaze. Uliza juu ya sindano hiyo mapema.

Kipimo cha pili cha urithi ni cha selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Mwaka 1910, James Herrick wa Chicago alieleza kuhusu mgonjwa ambaye chembe zake nyekundu zilipinda kama mundu. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko ndani ya hemoglobini yenyewe.

Mwaka huo huo wa 1949 historia hii iliingia Kenya. Kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Gilgil katika Bonde la Ufa, alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford hadi Mlima Kenya. Alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona jambo la ajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika kila 100. Akajiuliza: mbona alama hii inajaa pale pale penye malaria nyingi?

Baadaye alipima watoto 290 wa sehemu zinazozunguka Kampala. Miongoni mwa watoto 43 wenye alama, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria, yaani karibu 28 katika kila 100. Miongoni mwa 247 wasio na alama, 113 walikuwa navyo, yaani karibu 46 katika kila 100. Mwaka 1954 alitangaza kwamba alama ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja humkinga mtoto dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imedumu katika jamii zetu. Si uchawi, si laana, wala si kosa la mama.

Kwenye karatasi, AA ni damu ya kawaida. AS ni mbebaji. Kwa kawaida ni mzima na hahitaji dawa. SS ndiye mgonjwa. Mume na mke wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS. Angalia vizuri hapo: lazima wazazi wote wawili wawe wamechangia. Baba hawezi kusimama kando na kunyoosha kidole. Na siku hizi vijana wa Ukambani huoana na watu wa Kisumu, Kakamega na Mombasa, kwa hiyo tusiseme kwamba jambo hili ni la watu wengine. Mtoto SS akijulikana mapema, akapewa dawa za kinga, chanjo zote na huduma ya kliniki, anaweza kukua na kusoma kama wengine.

Kutafuta nyayo

Kundi la nne ndilo linalowachanganya watu zaidi. Hapa hatumtafuti mdudu. Tunatafuta nyayo zake. Mdudu anapoingia mwilini, mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wa kumpiga mdudu huyo. Vita vikiisha, askari wengine hubaki kwa miezi au miaka. Ukiona nyayo za fisi shambani, unajua fisi alipita. Hujui kama alipita jana usiku au juzi, wala kama bado yuko kichakani.

Mfano mzuri wa kingamwili umetoka hapa hapa kwetu. Katika miaka ya 1970, kata za Matungulu na Mbiuni zilikuwa eneo la Mradi wa Machakos, ulioendeshwa na Kituo cha Utafiti wa Matibabu cha Nairobi pamoja na taasisi ya Amsterdam inayoshughulikia magonjwa ya nchi za joto. Wafanyakazi wa mradi walitembelea boma baada ya boma, kila baada ya wiki mbili, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki, na mtoto gani ameshikwa na ukambi, kifaduro au kuhara. Zaidi ya watu 20,000 walifuatiliwa. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1984. Baadhi ya nyanya zetu ndio waliojibu maswali hayo mlangoni.

Swali kubwa la wakati ule lilikuwa: mtoto achanjwe ukambi akiwa na umri gani? Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake zilizopitia kwenye kondo la nyuma. Zikiwa bado nyingi, huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Zikiisha, mtoto hubaki wazi, na ukambi humpata. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ya Kenya na Shirika la Afya Duniani walichapisha utafiti uliotazama kingamwili za ukambi katika damu za watoto wa Kenya walio katika mwaka wao wa kwanza. Utafiti huo ni miongoni mwa misingi ya umri wa miezi 9 ambao nchi nyingi ziliufuata. Kwa hiyo, mama, unapoambiwa umlete mtoto akitimiza miezi 9, ujue tarehe hiyo ilisomwa ndani ya damu za watoto wa nchi hii. Na dozi ya pili ya miezi 18 isisahauliwe.

Sasa elewa jambo hilo hilo kuhusu virusi vya Ukimwi. Mgonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na kipimo cha damu kikaanza kutumika Marekani mwaka 1985. Kipimo hicho hutafuta kingamwili. Mama mwenye virusi humpa mtoto kingamwili zake, kama zile za ukambi, nazo zinaweza kubaki hadi miezi 18. Kwa hiyo kijiti cha kawaida kikionyesha mistari miwili kwa mtoto wa miezi 3, kinaweza kuwa kinasoma askari wa mama tu. Mtoto huenda hana virusi. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa na mama mwenye virusi hutolewa matone ya damu kisiginoni akiwa na wiki 6, yakakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kubwa kumtafuta virusi mwenyewe. Kipimo hurudiwa akiwa na miezi 6 na miezi 12, na cha kingamwili hufanywa kwenye miezi 18. Usikate tamaa kwa jibu la kipimo kisichofaa umri wa mtoto. Mama akimeza dawa zake vizuri na mtoto akapewa zake, watoto watakaoambukizwa huwa chini ya 5 katika kila 100.

Kuna upande mwingine pia. Mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa na asionekane, kwa sababu askari hawajatengenezwa. Ndiyo sababu mjamzito hupimwa tena baadaye, hata kama mara ya kwanza hakuwa na virusi.

Kwenye kitabu cha mjamzito kuna pia VDRL, kipimo cha kaswende kilichoanza kutumika Marekani mwaka 1946, kikifuata kile cha August von Wassermann wa Berlin cha mwaka 1906. Nacho ni cha nyayo. Magonjwa mengine, na mara chache mimba yenyewe, yanaweza kukifanya kionyeshe kaswende isiyokuwepo. Kwa hiyo jibu hilo lisiwe sababu ya ugomvi nyumbani. Lithibitishwe, mama atibiwe, na mwenzake pia aletwe, kwa sababu kaswende isiyotibiwa inaweza kuua mtoto tumboni.

Mwisho, taifodi. Mwaka 1896 Fernand Widal wa Paris alichanganya majimaji ya damu ya wagonjwa na vijidudu vya homa ya matumbo, akaona vijidudu vikishikamana. Kwa wakati wake ilikuwa hatua kubwa. Lakini ni kipimo cha nyayo za zamani. Aliyeugua zamani, au aliyepatwa na vijidudu vingine vinavyofanana na hivyo, au hata mwenye malaria, anaweza kuonekana ana taifodi. Ndipo unamsikia mama akisema, "Mtoto amepatikana na malaria na taifodi," mara tatu kwa mwaka, na kila mara sindano na pesa. Kipimo hicho kikifanywa mara moja peke yake hakithibitishi taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na huchukua siku kadhaa. Uliza: "Je, kuna njia nyingine ya kuhakikisha?" Na tangu Julai 2025 Kenya imeanza kutoa chanjo ya homa ya matumbo kwa watoto. Hiyo, pamoja na maji yaliyochemshwa na choo safi, itatuokoa kuliko sindano za kila mara.

Maswali manne ya kubeba

Mpendwa mama, huhitaji kusomea udaktari ili uielewe karatasi ya maabara. Beba maswali manne.

La kwanza: damu ya mtoto imeulizwa nini?

La pili: imejibu nini, na kwa umri wake kiwango cha kawaida ni kipi?

La tatu: jibu hili haliwezi kutuambia nini?

La nne: sasa tufanye nini, na nimrudishe lini, au nikiona dalili gani?

Muuguzi au daktari anayekuhudumia anapaswa kuyajibu bila kukukaripia. Kuuliza si ujinga, na mtoto ni wako. Weka karatasi zote ndani ya kitabu cha kliniki, hata zile za zamani, kwa maana nambari ya leo huelezwa vizuri na nambari ya mwezi uliopita. Na kama mtoto anazidi kuwa mgonjwa huku karatasi ikisema hana kitu, amini macho yako, umrudishe. Karatasi ilijibu swali moja tu, na wewe ndiwe unayemwona mtoto usiku kucha.